Kitako cha Arvi Loukola

Raili Hyttinen hakuwahi kumwamini mtu aliyemwambia bunduki haina risasi. Ukimletea bunduki, hata kama ilitoka kwenye kabati la kioo na haijalia tangu vita viishe, kwanza aliivuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba ya risasi, akachungulia, akaingiza kidole kidogo mpaka kikanuka mafuta, kisha akaitoa bolti nzima na kuitia kwenye mfuko wa aproni yake. Hapo ndipo alipovaa miwani. Watoto wake wawili walikua chini ya sheria hiyo. Sasa yule wa mwisho, Jouni, alikuwa jeshini huko kaskazini, kwenye ile miezi ya lazima ya vijana, na tangu Jumanne hakuwa amepiga simu. Raili alizihesabu siku bila kumwambia mtu.

Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne. Alichokijua alikijua kwa vidole. Akiwa na miaka kumi na minane aliajiriwa kwenye karakana ya jeshi, chumba cha kazi za mbao, meza ya wasichana wanne, na kwa miaka kumi na moja alikwangua, akapiga msasa na kupaka mafuta vitako vya bunduki zilizorudi kutoka vitani. Ndiyo sababu watu wa kijiji cha Hirvijoki walimwachia yeye kazi ya kuamua kama alama zilizochongwa kwenye bunduki ni za kweli. Ukutani kwenye nyumba ya chama cha kumbukumbu za vita zilitundikwa bunduki kumi na moja, nyingine na kadi ya jina chini yake, nyingine bila. Miaka miwili nyuma walikuwa wametundika ya kumi na mbili, yenye jina zuri na dubu aliyechongwa, mpaka mgeni kutoka kijiji cha ng'ambo ya ziwa alipomtazama yule dubu na kusema amechongwa kwa mashine ya umeme. Walichekwa mpaka theluji ikaanguka. Tangu hapo ikawa sheria: hakuna kadi ya jina kabla Raili hajasema alama ni ya kweli.

Mwaka huo, 1995, siku mbili kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, Bibi Aune Loukola alishuka kwenye gari la jirani akiwa amekumbatia bunduki iliyofungwa kwenye shuka la kitanda. Alikuwa na miaka sabini na saba na alikataa kusaidiwa kuibeba.

"Ni ya Arvi," alisema kabla hata hajakaa. "Ifungue uone."

Arvi alikuwa kaka yake. Alikufa vitani kiangazi cha 1944. Mwili ulirudi ukazikwa kando ya kanisa, bunduki ikarudi kwenye ghala la jeshi kama zote. Lakini alipokuja likizo mwaka 1940 aliwaambia nyumbani kwamba amechonga jina lake kwenye kitako. Tangu mwaka 1989 Aune alikuwa akitoa tangazo kwenye gazeti la wakusanyaji wa silaha: natafuta bunduki yenye jina hili, kijiji hiki, mwaka huu. Aprili ya mwaka huo mtu mmoja wa kusini akajibu kwamba anayo. Walibadilishana. Mtu yule alichukua saa ya ukutani ya baba yao Aune na Arvi, Aune akachukua bunduki.

Raili aliitoa bolti, akaiweka mfukoni, akaigeuza bunduki ubavu. Herufi zilikuwa upande wa kulia wa kitako, zimenyooka vizuri: A. LOUKOLA HIRVIJOKI 1940.

"Jumapili itakuwa ukutani," Aune alisema. "Nimeshawaandikia watoto wa dada yangu waje. Wote. Hata yule wa Uswidi."

"Haitakuwa," alisema mtu mlangoni.

Huyo alikuwa Pentti Rautavuori, mwenyekiti wa chama. Enzi za karakana alikuwa msimamizi wa chumba cha mbao, na ingawa alistaafu zamani, Raili bado alimwita Bosi na yeye bado alimwita Raili binti, japo binti alikuwa na miaka hamsini na moja na nywele zake zimeanza mvi.

Pentti aliigeuza bunduki juu chini, akaweka ukucha karibu na mwisho wa kitako. Palikuwa na muhuri mdogo wa mviringo, herufi mbili na namba 62.

"Muhuri wa nani huu, binti?"

"Wa karakana yetu, Bosi."

"Wa karakana *yangu*. Na kwenye karakana yangu, jina la askari lilitoka likiwa hai?"

Raili aliufuta muhuri kwa kidole gumba.

"Amri ilikuwa nini?"

"Kukwangua."

"Kukwangua! Bunduki ni mali ya jeshi, si mlango wa choo mtu aandike jina lake. Na kila kitako kilipita chini ya kiganja hiki." Akakiinua kiganja chenyewe, kipana kama koleo la kutolea mikate tanuruni. "Nilikuwa nafumba macho, napitisha. Unywele mmoja ungekuwepo ningeusikia. Kwa hiyo jina hili limechongwa baada ya sitini na mbili, na wakati huo Arvi alikuwa kaburini miaka kumi na minane. Labda alitoka usiku kuja kuchonga."

"Chunga mdomo wako, Pentti," Aune alisema. "Huyo unayemtania ndiye aliyekutoa chini ya barafu ulipokuwa na miaka tisa. Ulikuja jikoni kwetu unalia huna suruali."

"Nilikuwa nayo suruali."

"Hukuwa nayo. Nilikuvisha sketi yangu."

Pentti alishusha sauti. "Ndiyo maana, Aune. Ndiyo maana sitaki mtu wa kusini atuuzie mzaha kwa jina lake. Wewe mwenyewe ulimwandikia kwenye gazeti achonge nini. Jina, kijiji, mwaka. Ulimpa kila kitu isipokuwa patasi."

Aune alimgeukia Raili. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Wewe ndiye mwenye kusema. Sema."

Raili aliomba nusu saa, na nusu saa ile ilikuwa mbaya. Kwanza alitafuta mikwaruzo. Mkwaruzo ukipita juu ya herufi, kingo za herufi huanguka ndani. Herufi ikipita juu ya mkwaruzo, huukata katikati kama kisu kinavyokata mkate. Kwa njia hiyo unajua kipi kilitangulia. Lakini mikwaruzo yote ya kitako hiki ilikuwa imepita pembeni, hakuna hata mmoja uliogusa herufi. Akatazama kingo. Zilikuwa kali, hazikulainishwa na kiganja wala mkanda. Akatazama chini ya herufi kwa kioo cha kukuzia. Mbao ilikuwa nyeupe. Kitako kizima kilikuwa cheusi kwa lami ya msonobari na mafuta ya kitani, lakini ndani ya herufi mbao yake, mti wa betula, ilikuwa nyeupe kama siku ilipokatwa. Mtu yeyote aliyewahi kushika kitako angesema hilo ni jina la jana. Juu ya yote, mbao ilinuka tapentaini. Kuna mtu alikuwa ameisugua.

Aune alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini, anamtazama mikono. Raili aliijua namna ile ya kutazama. Yeye mwenyewe alimtazama hivyo daktari Jouni alipokuwa na homa ya mapafu.

Akachukua sindano na kuanza kona za herufi, moja moja, si kwa matumaini bali kwa sababu ilikuwa kazi. Kwenye kona ya ndani ya K sindano ilinasa kitu. Kilikuwa chembe ya kahawia, ndogo kuliko kichwa cha siafu. Uchafu wa kawaida huvunjika. Hiki kilipinda.

Aliiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akaibana mpaka ikapata joto, akainusa.

Nta ya nyuki, lami, unga wa betula.

Alivua miwani na kusema atatoa jibu kesho.

"Kesho ya nini?" Pentti aliuliza. "Liko wazi kama dirisha."

"Kesho, Bosi."

Nyumbani alikaanga samaki, akaviacha viazi vikaungua, na jua la saa mbili usiku lilipokuwa bado juu ya ghala la jirani alimpigia simu Lahja, mwenzake wa meza ile ya karakanani, aliyekuwa akiishi mjini. Wale wengine wawili walikuwa wameshafariki.

"Shoga! Nilidhani umekufa."

"Lahja, nimeona nta."

Upande wa pili kulisikika kiti kikivutwa. "Nta yetu?"

"Yetu. Kuna mtu ameisafisha kwa tapentaini, jina limetoka jipya kabisa. Pentti anasema ni la uongo kwa sababu kwake majina yalikwanguliwa."

Lahja alicheka mpaka akakohoa. "Mungu wangu, yule mzee na kiganja chake! Bado anakitembeza?"

"Bado. Lahja, si jambo la kucheka. Tulikula kiapo cha utii. Tulivunja amri ya jeshi, na mimi nangojea pensheni yao. Na Jouni yuko mikononi mwao sasa hivi, hajapiga simu siku ya tatu."

"Sasa watamfanya nini? Watamnyima supu ya njegere? Raili, ni miaka thelathini na mitatu. Mimi nina goti la bandia, waje wanifunge nalo."

"Na Pentti? Alipewa kile kikombe cha tuzo."

Lahja hakucheka hapo. Pentti alikuwa msimamizi mkali lakini aliwapeleka nyumbani kwa gari lake kila jioni ya baridi kali, wote wanne, na hakuwahi kumgusa msichana hata bega. "Pentti atavimba," alisema mwishowe, "kisha atashuka. Mwenye jina ni nani?"

"Arvi Loukola. Dada yake yupo. Amekaa na mkoba magotini."

"Basi unaniuliza nini? Sema. Lakini sema wazo la nta lilikuwa langu. Sitaki usifiwe peke yako."

Asubuhi simu ililia Raili akiwa anapika kahawa. Alikuwa Jouni. Walikuwa msituni siku nne, mbu wamemla, anataka soksi. Raili alimuuliza kama anakula, kama miguu iko mikavu, kama wanahakikisha bunduki ni tupu kabla ya kuzisafisha. "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Mama, kuna foleni nyuma yangu." Raili aliiweka simu chini, akanywa vikombe viwili vya kahawa akiwa amesimama, akatia mashine ya binti yake ya kukaushia nywele kwenye kapu la skonzi za iliki, akapanda baiskeli.

Pentti na Aune walikuwa wameshafika, kila mmoja kwenye benchi lake.

"Bosi," Raili alisema, "nichagulie bunduki moja ukutani. Yenye muhuri wa kwetu, isiyo na jina. Ile ambayo ungeapa kwa ajili yake."

Pentti alilitazama kapu, akatazama ukuta. Alichukua ya nne kutoka mlangoni, akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye kitako taratibu, mbele na nyuma. "Hii. Ngozi ya mtoto mchanga. Hapa jina halipo na halijawahi kuwepo."

Raili aliipokea, akavuta bolti, akachungulia.

"Imetundikwa hapo miaka tisa, Raili!"

"Na mimi nimelea watoto wawili kwa sheria hii, Bosi. Subiri." Bolti ikaingia mfukoni.

Aliilaza bunduki mezani, akachomeka mashine ya nywele, akaanza kuupulizia hewa ya moto upande wa kulia wa kitako, polepole, mkono haukai mahali pamoja. Aune alisogea kuona. Dakika ya kwanza haikutokea kitu. Dakika ya pili chumba kilianza kunuka lami, kama mashua zinapopakwa.

"Unamtengeneza nywele?" Pentti aliuliza. "Muulize anataka mawimbi."

Kisha mbao ikatoa jasho. Doa dogo linalong'aa lilitokea, likawa mstari, mstari ukakatika ukawa miwili. Raili alifuta kwa kitambaa, akapuliza tena, akafuta. Mahali ambapo palikuwa laini kama ngozi ya mtoto palikuwa pamezama herufi. Alichukua sindano akaifuata ya kwanza, na utepe wa nta ya kahawia ukainuka mzima mzima kama ganda la kidonda. Chini yake betula ilikuwa nyeupe.

T. NUUJA. 1942.

Pentti aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa mbao. Akaipitishia kidole. Akarudi nyuma akakaa.

"Nani?" aliuliza.

"Sote wanne."

"Vingapi?"

"Vyote vyenye jina, Bosi. Wiki ya kwanza Lahja alipewa kitako chenye jina la mjomba wake. Alishika kipande cha kioo cha kukwangulia, mkono ukakataa. Nta lilikuwa wazo lake. Ameniambia nilitaje hilo. Tulitoa uchafu ndani ya herufi kwa sindano, ili nta ishike. Ndiyo maana chini ni kweupe. Tukajaza, tukapiga msasa juu. Ndiyo maana kingo ni kali. Mafuta na lami tulipaka mwisho, yakiwa baridi."

"Na kiganja changu?"

Raili alitamani kuangalia kwingine lakini hakuangalia. "Ulipokuwa unakuja, Lahja alikuwa anaimba ule wimbo wa kanisa. Tulikisugua kitako kwa flana mpaka nta ikawa na joto sawa na mbao. Hungeweza kusikia, Bosi. Hakuna mkono ungeweza."

Shingo ya Pentti ilikuwa imekuwa nyekundu mpaka masikioni. "Nilidhani anapenda nyimbo za kanisa," alisema. Baadaye kidogo: "Nilipewa kikombe. Kimeandikwa, *kwa usafi wa kazi*."

"Usafi ulikuwepo," Aune alisema. "Majina waliyafunika vizuri."

Raili aliuma midomo. Kutoka kwa Pentti ilitoka sauti ambayo mwanzoni aliidhania ni hasira, mpaka alipoona mabega yakitikisika. Alicheka bila kutoa meno, muda mrefu, akijifuta macho kwa kile kiganja.

Lakini hakuwa mtu wa kuachia jambo nusu. Alipomaliza kucheka alinyoosha kidole kwenye bunduki ya Aune. "Sawa. Mlinidanganya. Hiyo haifanyi jina lile kuwa la Arvi. Nionyeshe."

Raili alikuwa amelingoja swali hilo. Alimpa kioo cha kukuzia na kumshikia tochi. Kwenye kona ya K ilibaki chembe ya nta. Kwenye A ya kwanza, chini ya ule mstari wa katikati, nyingine. Kwenye namba nne, nyingine tena, ambayo tapentaini haikuifikia. "Nta hii tuliipika sisi mwaka sitini na mbili. Haikupikwa popote pengine. Ikiwa imo ndani ya herufi, herufi zilikuwepo kabla yake. Bibi Aune alitoa tangazo la kwanza themanini na tisa. Mwaka sitini na mbili ni nani angekuwa na haja ya kuchonga Loukola wa Hirvijoki, mtu ambaye hata sisi wenyewe mezani tulimfunika bila kumjua?"

Pentti aliangalia A, akaangalia nne, akarudi kwenye K. Alichukua muda wake, kama alivyouchukua siku zote. Kisha akazima tochi.

"Ni ya Arvi," alisema.

Aune hakulia. Aliweka mkoba sakafuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote mbili, akaja mezani, akatia ukucha kwenye herufi ya kwanza na kuufuata mwendo wa kisu, juu, chini, katikati. Alifanya hivyo kwa jina lote. Alipofika kwenye kijiji alisema, "Alikuwa na kisu butu. Baba alimwambia akinoe kabla ya kuondoka," na akaendelea mpaka kwenye sifuri.

Pentti alikaa kuandika kadi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na alijua. Aune alimsimamia begani, akamwambia aandike na tarehe ya kuzaliwa, kisha akamwambia herufi ni ndogo, mtoto wa Uswidi ana macho mabovu, aandike upya. Aliandika upya. Raili alimimina kahawa na kukata skonzi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikula mwenyewe.

Alipoanza kukunja waya wa mashine, Pentti aliweka kikombe chini. Alikuwa akitazama ukuta. Kati ya zile bunduki kumi na moja, nne nyingine zilikuwa na muhuri wa karakana na hazikuwa na kadi.

"Usikunje," alisema.

"Bosi, kesho ni sikukuu. Sijaoka, sijawasha sauna, na nina soksi za kutuma."

"Nionyeshe tu mkono unakaaje. Nitafanya mwenyewe."

Alimwonyesha: umbali wa kiganja kimoja, usisimame mahali pamoja, usiwe na haraka mbao isipasuke. Pentti alishusha bunduki ya kwanza, na kabla Raili hajafungua mdomo, akaitoa bolti na kumpa. Kisha akawasha mashine, akaishika kwa mikono miwili, uso umekunjamana kwa umakini. Aune alivuta benchi karibu akiwa na skonzi mkononi. Lami ikaanza kunuka tena. Herufi ya kwanza ilipojitokeza, kisha ya pili, Aune alizisoma kwa sauti, moja moja, na Pentti akamwambia Raili asogee, anamzibia mwanga.